Mlo wa Saa Nne Usiku na Usingizi wa Mang'amung'amu

Kwa takriban miaka miwili nilikuwa nikizinduka saa nane za usiku, nikaketi dirishani kwangu Igombe na kutazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, nikiamini kwamba kilichoniondolea usingizi ni mawazo ya biashara. Mawazo yalikuwapo, sikatai, lakini ninayo hata leo na ninalala hadi alfajiri. Kilichobadilika ni chakula cha jioni.

Nilizoea kufunga duka saa tatu usiku, nikanywa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa iliyokolea majani, kisha saa nne nikala ugali wa muhogo na sangara wa kukaanga, na saa tano nikawa kitandani. Chai ndiyo niliyochelewa kuishuku, maana sisi tuliolelewa kwa chai hatuihesabu kuwa kitu cha kumkesha mtu. Sifa hiyo tumeiachia kahawa. Hata hivyo majani ya chai yana kafeini, nayo huizuia adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni mchana kutwa na kutuletea uzito wa usingizi. Kwa mtu mzima wa kawaida kafeini hupungua mwilini kwa nusu baada ya saa 5 hivi, ingawa watu hutofautiana sana. Kwa hesabu hiyo, nusu ya kafeini ya chai yangu ya saa tatu ilikuwa bado imo mwilini saa ile ile niliyokuwa nikihesabu taa za wavuvi. Sasa kikombe changu cha mwisho ni cha saa nane mchana, na usiku nikitamani kitu cha moto huchemsha mchaichai, ambao licha ya jina lake hauna kafeini.

Sangara hana kosa. Kosa ni mafuta na saa. Chakula chenye mafuta mengi hukawia tumboni, na mtu akijilaza tumbo likiwa bado limejaa, tindikali hupanda kuelekea kooni na kumletea kiungulia. Siku hizi hula saa moja jioni, pale pale dukani, mara nyingi sato wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu. Nikifika nyumbani na njaa, ndizi mbivu au uji mwepesi hunitosha, kwani kulala na njaa nako hukatiza usingizi.

Pombe nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa siinywi: humlaza mtu haraka, kisha humvurugia nusu ya pili ya usiku. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara, au anayekoroma hadi pumzi ikakatika, asitafute tiba jikoni bali amwone daktari.

Mpango huu hunishinda siku za harusi, kwa kuwa huku kwetu chakula cha ukumbini huweza kuletwa saa tano usiku, na kukikataa mbele ya wakwe ni mtihani. Siku hizo huchukua wali kidogo, nikaiacha soda ya kola mezani, na nikifika kitandani hulalia ubavu wa kushoto, ambao hupunguza kiungulia kuliko wa kulia.