The Jayhawks: nianzie wapi?

SWALI: Nimesikiliza albamu mbili za The Jayhawks, bendi ya Minneapolis, Marekani, nikadhani ni bendi mbili tofauti. Kulikoni?

JIBU: Anza na Hollywood Town Hall (1992). Vaa spika za masikioni: Mark Olson na Gary Louris wanaimba maneno yaleyale kwa pamoja, sauti zimekaribiana hata hujui nani anaongoza. Uzuri huo haukupata wasikilizaji uliowastahili! Olson aliondoka baada ya Tomorrow the Green Grass (1995), na Sound of Lies (1997) ikatoka nzito, yenye majonzi. Smile (2000), iliyosimamiwa na mtayarishaji Bob Ezrin, iliingiza midundo ya mashine. Hiyo iache mwisho. Kabla yake sikiliza Rainy Day Music (2003), iliyorudia gitaa kavu (lisilo la umeme).