Maji juu ya barafu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na rafiki yangu tunaishi Minneapolis, wote wazaliwa wa Mwanza. Mwezi Machi tunataka kwenda kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea theluji, kwenye maziwa ya Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota, siku tatu, tukivuta mizigo kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu. Tumepanga kilomita 20 kwa siku, kwa kuwa maziwa ni tambarare. Nguo za baridi tunazo. Tumesahau nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mmesahau maji.

Theluji ikirundikana juu ya ziwa huikandamiza barafu, maji yakapanda kwenye nyufa na kutuama chini ya theluji. Theluji hiyohiyo huyafunika kama blanketi, yasigande hata baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa juu huoni kitu. Nilinaswa hivyo kwenye ziwa Snowbank, karibu na mji wa Ely. Nilipoinua mguu, rojo lile likaganda kwenye skii palepale, kama nimefungiwa tofali. Sleji nayo ikashika. Nilikwangua kwa kisu karibu saa nzima, vidole vikifa ganzi, na ng'ambo naiona sehemu niliyokusudia kulala.

Kwa hiyo kikwaruzo cha plastiki kikae mfukoni mwako, si ndani ya sleji. Ukihisi chini panalainika, usisimame. Songa mpaka penye theluji kavu. Na hizo kilomita 20 ziacheni, tafadhali. Nane zinatosha.

Barafu angavu ya sentimita 10 hubeba mtu anayetembea. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, nguvu yake ni kama nusu. Unene haulingani ziwa zima: ninyi wa Mwanza mnajua Mto Mirongo unavyoingia ziwani, na huku penye mdomo wa mto kama hapo, au penye mlango mwembamba kati ya maziwa mawili, barafu huliwa na mkondo kutoka chini. Pitieni mbali, hata njia ikirefuka. Mmoja atangulie, mwingine amfuate mita kumi nyuma. Kila mtu avae shingoni misumari miwili yenye mishikio, ya kuchomeka barafuni na kujivuta. Ukizama, geukia ulikotoka. Barafu ya upande huo ilishakubeba. Mkanda wa sleji ufunguke kwa mkono mmoja.

Sleji isivutwe kwa kamba tupu, maana kwenye mteremko wa msituni itakugonga visigino. Pitisha kamba ndani ya mabomba mawili ya plastiki. Chupa ya maji ilale kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na mdomo utabaki wazi.

Kibali cha kulala huko kati ya Oktoba na Aprili unajijazia mwenyewe, bila malipo. Nendeni mwanzoni mwa Machi, mchana ukiwa na urefu wa zaidi ya saa 11, kabla jua halijaanza kulainisha theluji. Ramani ya njia yenu na saa ya kurudi mwachieni mtu Minneapolis, kwa kuwa sehemu kubwa ya maziwa hayo simu haishiki.