Ukienda Amani, Lala Huko Huko

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu, hasira yake ameivalisha adabu. "Kaka, tumetoka Dar mpaka Amani kwa sababu ya maneno yako. Tumezunguka msituni saa mbili nzima, hatukuona mnyama. Miti tu. Ungetuambia mapema tungekwenda zetu Mikumi."

Nakiri uliniuma. Msitu ule nimeupigia debe miaka yote hii bila kulipwa na mtu, leo naitwa mwongo kwa heshima zote. Nikameza mate, nikamuuliza maswali mawili: mlifika saa ngapi, na mlilala wapi? Walifika saa sita mchana. Wakalala Tanga mjini, kwa sababu kule kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Haya basi. Ukienda Amani, lala Amani. Ushauri wangu mkubwa ndio huo, na mengine yote nitakayosema hapa yanatoka humo humo.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko Muheza, mkoani Tanga, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, na sasa iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ukubwa wake ni kama hekta 8,380, nayo imezungukwa na vijiji na mashamba ya chai. Simba hakuna, tembo hakuna, na gari la kufungua paa halina kazi pale. Mbega na kima wapo, ila wako juu ya miti na hawashuki kukupigia picha. Utajiri wa Amani ni viumbe wadogo, wengine hawapatikani popote duniani nje ya milima hii, na wengi wao mchana wamejificha. Sasa wewe unafika jua la utosi, unatembea na kundi linalopiga soga, saa nane uko kwenye gari unarudi. Ulitaka uone nini?

Mimi nilipelekwa na mwenzangu wa kazini, Mbondei wa Muheza, wakati ule nimepangiwa kazi Tanga. Alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika kwamba ukishaona mapango ya Amboni na kuogelea Raskazone, Tanga imekwisha. Tukapanda na boda kutoka Muheza, njia mbovu, vumbi mpaka kwenye meno, halafu ghafla baridi. Kufika kule akanikabidhi kwa mzee mmoja mwongoza wageni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akaniambia nile, nipumzike, tutatoka saa moja na nusu usiku. Usiku? Mimi mtoto wa Temeke niingie msituni usiku?

Tulitoka. Mzee ana tochi, haimuliki chini tunapokanyaga, anamulika ncha za matawi pembeni ya njia. Hatua tatu, anasimama. Hatua mbili, anasimama. Nikaanza kuona uvivu. Halafu akasema, "Huyo hapo." Kinyonga usiku hupauka akilala, na kwenye mwanga wa tochi anang'aa kama karatasi iliyonasa mtini. Huyu alikuwa dume, ana pembe tatu puani. Jike la aina hiyo halina pembe. Jina lake la kisayansi, deremensis, limetokana na Derema, hapo hapo Amani. Mwenzangu, mzaliwa wa Muheza, alirudi nyuma hatua kadhaa akisema kinyonga si wa kuchezewa. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Akatuonyesha na wale vinyonga wadogo kabisa, wanaokaa chini kwenye kimo cha goti, rangi ya jani kavu, mkia mfupi. Mchana ungewapita bila kuwajua. Akatuonyesha chura mdogo juu ya jani, akasema huyu hatagi mayai majini, anazaa vyura wadogo waliokwisha kamilika. Nikajua ananitania mtu wa mjini. Baadaye nikasoma, nikakuta ni kweli: anaitwa Nectophrynoides tornieri, na Amani ni nyumbani kwake. Tuliporudi komba walikuwa wanalia juu ya miti na mimi silali, naangalia picha kwenye simu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kule. Nilinunua kamera, nikajifunza, na leo naweza kumwona kinyonga kabla mwongozaji hajasimama. Wananicheka, lakini wananiita. Picha yangu ya dume lile lenye pembe tatu ilipendwa sana, tena kampuni moja ya utalii ikaichukua ikaiweka kwenye bango lake bila hata kuniambia asante. Niliwaandikia, wakakaa kimya. Mpaka leo nikiliona lile bango moyo unachemka. Na ninyi mnaopenda kuchukua picha za watu mitandaoni, mjue zina wenyewe, na wenyewe walilala kwenye baridi kuzipata.

Turudi kwenye "miti tu". Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila upande wa dunia, ikiwemo ile ya kwinini iliyotibu malaria. Reli ilifika mpaka Sigi kubeba mbao, na nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama, ndiyo inayopokea wageni langoni. Lile ua la zambarau ambalo Wazungu wanalilea kwenye vyungu madirishani lilitoka sehemu hizi. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekaa Tanga, ndiye aliyempelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892. Kwao Usambara linaota kwenye miamba yenye kivuli. Ukitembea haraka unalikanyaga.

Na siyo kila mti mrefu pale ni mwenyeji. Kuna Maesopsis, mgeni kutoka magharibi mwa Afrika Mashariki, ulipandwa karne iliyopita, ukaja kushika nafasi zote zilizoachwa wazi na wakata mbao. Hondohondo wanakula matunda yake na kuzisambaza mbegu, kwa hiyo unaendelea kuenea. Ukilala pale, asubuhi utawasikia hondohondo kabla hujawaona, mabawa yanavyovuma. Mwenyeji hasa ni kama msambu, ambao wanakijiji wanaokota mbegu zake kwa ajili ya mafuta. Mwulize mwongozaji akuonyeshe miti yote miwili. Atalifurahia hilo swali kuliko "wanyama wako wapi?"

Wapenda ndege nao nawaambia lile lile: lala, uamke saa kumi na mbili kabla ukungu haujaondoka. Yupo chozi wa Amani, anayekaa zaidi juu kwenye majani. Yupo na yule ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi hapo Amani. Huyo yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Usimchezeshee sauti ya ndege kwenye simu ili atoke, hata kama video za mitandaoni zinafundisha hivyo. Anaacha kulisha watoto aje kupigana na simu yako. Kaa kimya, subiri.

Koti la mvua beba hata ukienda kiangazi, maana kule inanyesha kama milimita 1,900 kwa mwaka na haifuati sana kalenda ya masika na vuli. Viatu viwe vya kutoteleza kwenye tope. Suruali ndefu uichomeke kwenye soksi, siafu hawana mgeni. Tochi ya kichwani, na betri za akiba. Spika acha Dar. Nasema tena, spika acha Dar, kwa sababu nimekutana na vijana njia ya Kwamkoro wanapiga muziki utadhani wako Coco Beach, halafu wanaandika kwamba msitu hauna kitu. Takataka zako rudi nazo. Maji ya mto Zigi yanayotoka kwenye milima hiyo ndiyo yanayokwenda bwawa la Mabayani na kunywewa na Tanga nzima, hata kwenye hiyo hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Kiingilio utalipa kwa kontroli namba na hela inakwenda serikalini, sawa. Mwongozaji ni suala lingine. Matembezi ya usiku mpatane naye mchana, mle mapema, na msibishane naye bei ya chini mbele ya watoto wake. Watu wanaoagiza chipsi kuku bila kuuliza bei wakifika Amani wanageuka wachumi. Mzee ametembea njia hizo tangu kijana, anamjua kila kinyonga na tawi lake. Mlipe vizuri, tena mlipe usiku ule ule mkirudi, asikufuate asubuhi getini.