Chura nyuma ya mtungi

Mvua zimeanza, na maswali yote ya wiki hii ni ya vyura. Nimechagua matano.

Kila jioni namkuta chura nyuma ya mtungi. Nikimtupa nje, kesho yupo tena. Jirani anasema katumwa. (Muheza)

Kama katumwa, basi kiu ndiyo iliyomtuma. Chura hanywi kwa mdomo. Maji huyapata kwa ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, na pale chini ya mtungi wako sakafu haikauki. Analaza tumbo, anakunywa, analala. Ukimtupa uwani anarudi kwa kuwa mahali anapajua. Pandisha mtungi juu ya kigoda, weka sinia chini yake, na sinia hilo ulimwage kila jioni. Marehemu bibi yangu hakufanya hata hayo. Alimwita wake "mpangaji" na kumsogeza kwa ufagio akitaka kuchota.

Mume wangu anamwaga chumvi mlangoni. Inasaidia?

Haisaidii. Inamuunguza chura ngozi na kumfyonza maji, afe polepole, na mvua ya usiku ikiisafisha anaingia mwingine. Mwambie azibe upenyo wa chini ya mlango kwa kipande cha mpira wa tairi, na taa ya barazani aizime mapema. Kumbikumbi hufuata taa, vyura hufuata kumbikumbi.

Mbwa wetu alimng'ata chura akatokwa na povu. Watoto nao huwashika. Si wataota chunjua? (Korogwe)

Chunjua hutokana na virusi vya binadamu, hivyo chura msimsingizie. Ila sumu anayo: zile nundu mbili nyuma ya macho zinatoa utomvu mweupe akibanwa. Mbwa mwosheni kinywa kwa maji mengi, kichwa kikielekea chini ili asimeze. Akianza kutetemeka au kuyumba, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kujigusa macho.

Juu ya pipa la maji ya mvua limening'inia povu jeupe kama la sabuni. Ni uchafu gani?

Una bahati, wengine tunalitafuta kwa tochi. Ni kiota cha chura wa mtini wa kijivu. Jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, mara nyingi madume kadhaa wakiwa wamemzunguka, kisha hutaga humo. Nje hukauka, ndani hubaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Ndiyo maana kachagua pipa lako. Chura huyo huyo ndiye unayemkuta kiangazi amejibana nyuma ya kalenda ukutani, wiki nzima hatikisiki. Juani hugeuka karibu mweupe, na mkojo wake ni mzito kama wa ndege ili maji yasimpotee.

Kata kijiti chenye povu ukaning'inize juu ya dimbwi, kisha funika pipa kwa wavu wa chandarua kikuukuu. Kama viluwiluwi wameshadondoka, maji hayo ni ya kufulia. Ukilazimika kuyanywa, chuja na uchemshe.

Mwanangu anasema vyura wadogo wa manjano bafuni kwetu ni wale wa Kihansi waliorudishwa kutoka Marekani. Tutoe taarifa? (Kilombero)

Kijana anasoma, mpongeze. Lakini wale waliishi mahali pamoja tu duniani, penye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji mwaka 2000 manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wakizalishwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndio waliorudi Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa kwao. Hawafiki sentimita 3, na jike huzaa watoto kamili badala ya kutaga. Wenu, kama wana vidole vyenye vifundo mwishoni na wanapanda kuta, ni vyura wa matete.