Kisima walileta wao, uongo nikautoa mimi

Mhariri,

Swali lenu la wiki limenikuta barazani na kikombe cha chai: "Vikundi vya kijamii vya ng'ambo vinavyochangia maji safi na vyoo vijijini kwetu, vinatusaidia au vinatulemaza?" Kabla chai haijapoa nilikuwa na jibu. Vinatulemaza, wabaki kwao. Nimeendesha wageni miaka ishirini na mbili, dereva gaidi kama tunavyojiita wenyewe hapa Arusha, yaani dereva anayeongoza watalii, na vibao vya marumaru nilivyoviona vijijini ni vingi kuliko mabomba yanayotoa maji. Lakini nimeanza kuandika nikajikuta najibu swali jingine kabisa: hao wageni wakifika, sisi tunawaambia nini? Mtaniwia radhi.

Tunaoishi chini ya Mlima Meru habari ya meno tunaijua. Ukikutana na mtu Dar ana meno ya kahawia, humuulizi kwao ni wapi. Mimi ninayo. Maji yetu yanapita kwenye mawe ya volkano yanabeba floridi, aina ya madini, na kisima kirefu kinaweza kuwa nayo nyingi kuliko mto. Huioni, huisikii mdomoni, na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Mtoto akiinywa wakati meno bado yanajengeka ndani ya ufizi, yatatoka na madoa, na hakuna mswaki wa kuyatoa. Ikizidi sana inaingia kwenye mifupa. Wazee wa Maji ya Chai watawasimulia habari za watoto waliopinda miguu. Na hapo bado mama hajatia magadi kwenye makande, maana nayo ina floridi yake.

Sasa niwaambie ya Oktoba 2009.

Nilipokea kikundi cha watu kumi na mmoja pale uwanja wa ndege wa KIA, kutoka mji mdogo wa Marekani, wengi wao wastaafu, wamevaa fulana za bluu za kufanana. Miaka mitatu walikuwa wakiuza keki baada ya ibada na kuosha magari ya watu Jumamosi, hadi wakapata fedha za kuchimba kisima katika kijiji kimoja upande wa mashariki wa Meru. Haya nilisimuliwa njiani na mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele, nesi mstaafu, vidole vimevimba kwenye viungo. Alikuwa na kidaftari chenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila nilichosema aliandika, hata bei ya ndizi.

Mkalimani aliyepangwa hakutokea, mkewe alikuwa amejifungua usiku ule. Nikasukumwa mbele na kipaza sauti. Simtanki la lita elfu kumi lilikuwa juu ya mnara wa matofali, jenereta linanguruma, mbuzi wawili tayari kwenye moto. Bomba lilipofunguliwa yalitoka kwanza maji ya rangi ya kutu, watu wakanyamaza, kisha yakatoka meupe yanayong'aa na vigelegele vikapasuka. Bibi mmoja akamshika yule nesi mkono akautemea mate. Nikatafsiri haraka kwamba ni baraka, kabla hajatoa leso. Hakuitoa. Akaushikilia ule mkono kifuani mpaka hotuba ya mwenyekiti ikaisha, na hotuba ya mwenyekiti haikuwa fupi.

Watoto wakaimba. Walipomaliza walicheka, wote kwa pamoja, na mama yule akaona. Akanigeukia: "Meno yao yamepatwa na nini?"

Hakuwa ameyaona yangu. Tangu sekondari mimi nacheka nimefumba mdomo. Mwenyekiti hajui Kiingereza lakini aliona kidole kimeelekea wapi, akanikazia macho. Mtaalamu wa mtambo, aliyekuwa amesimama karibu nami, alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba majibu ya maabara ya maji yale hayajatoka. Yaani nilijua. Kama kuna mtu pale uwanjani aliyekuwa na ukweli wote mdomoni, maneno na meno pamoja, alikuwa mimi.

Nikasema: "Hawapigi mswaki. Na wanapenda sana miwa."

Akaandika kwenye kidaftari.

Majibu yalipotoka, maji yalionekana yamepita kiwango, na kiwango chenyewe wakati ule kwetu kilikuwa miligramu 4 kwa lita, siyo 1.5 ya Shirika la Afya Duniani tunayoifuata sasa. Kamati ya maji ikaambiwa watu wayatumie kufulia na kunyweshea ng'ombe. Akina mama wakarudi kwenye mfereji wa mlimani kuchota ya kunywa, wenye floridi kidogo na vijidudu vingi. Baada ya Krismasi likaja boksi shuleni: miswaki mia nne, na dawa ya meno ambayo juu ya kasha lake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina floridi. Mwalimu mkuu aliponionyesha alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilishindwa.

Nikiandika haya naona hasira niliyoanza nayo inahama upande. Wale wastaafu walidanganywa na nani? Siyo mimi peke yangu, kamati nayo iliogopa kwamba wageni wakisikia neno floridi watahamishia fedha kijiji kingine. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kunyamaza, na zote zilikuwa sababu nzuri. Hata ukweli ungesemwa, dawa yake haipigwi picha. Pale Ngurdoto kuna kituo ambacho miaka mingi kimeshughulika na kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Unafanya kazi, ila unachoka, lazima chenga zibadilishwe. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapahapa Arusha alibuni chujio lake, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya wahandisi wa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lakini nani atakata utepe kwenye ndoo yenye chujio? Nani ataosha magari Jumamosi, ng'ambo, ili kijiji kibadilishiwe mkaa wa mifupa mwaka wa nne?

Jiji lenyewe limehitaji mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tunaulipa wote. Keki haziwezi kushindana na hilo. Tena tangu 2019 vijijini tuna RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa hiyo mtu hawezi kusema hajui pa kuuliza.

Basi, wabaki kwao? Nimeandika hivyo pale juu na sifuti. Ila mkinishika shati mniulize kwa jina, nitasema waje. Waje chupa ya sampuli ikiwa imeshafika maabara kabla ya tanki kupandishwa mnarani, na majibu yasomwe kwa kipaza sauti kilekile cha hotuba. Wanaotaka kujenga vyoo vya shule waje hata kesho, choo hakina floridi: mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana ishirini na moja kwa wavulana ishirini na watano, nendeni mkahesabu shule iliyo jirani yenu. Na mkalimani awe mtu mwingine. Labda niwe mimi, sijui, sasa hivi nadhani ningesema, lakini hata asubuhi ile ndani ya gari nilidhani hivyo.

Yule mama aliniachia anwani yake kwenye karatasi aliyoichana kidaftarini. Ninayo mpaka leo, sijawahi kumwandikia. Mwalimu mkuu naye alinipa mswaki mmoja kwenye lile boksi, wa kijani, eti ujira wa mkalimani. Huo nasafishia vichwa vya betri ya gari.

Msomaji, Tengeru, Arusha