Kozi ya hesabu mtandaoni: asaimenti isiyo na maksi ndiyo itakayokuvusha kwenye mtihani

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia inbox, naweka hapa kwa ruhusa yake: "Habari kaka, naomba ushauri. Nimefika mwishoni mwa ile kozi ya Stanford, kwenye mtihani nimepewa 9 kati ya 24 kwenye swali moja na hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nimekata tamaa, naona bora niache tu."

Dada yangu usiache. Na kwa vile najua mko wengi mliokwama hapohapo, acha nijibu hapa kwa urefu ili wote tufaidike.

Kozi yenyewe inaitwa Introduction to Mathematical Thinking, iko Coursera, ile tovuti ya kozi za mtandaoni, tangu 2012, anafundisha Keith Devlin, Mwingereza aliyekuwa Stanford. Sisi wengi tunaiingia na akili ya mitihani ya taifa ya NECTA, yaani swali likija unasolve, jibu likiwa sahihi umekula maksi zako, unasonga mbele. Mimi nimesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), past paper zimepita mkononi mwangu mpaka basi, nilikuwa nasolve kwa spidi ambayo darasa zima walikuwa wanaijua na mpaka leo najivunia. Ila kozi hii haitafuti jibu, inatafuta umefikaje kwenye jibu na je mwenzako akisoma karatasi yako bila wewe kuwepo ataamini? Hilo ndilo jambo ambalo shule nyingi hatukufundishwa kabisa.

Sasa utaratibu wake uko hivi. Kuna video za masomo, ndani yake kuna kwizi fupifupi za kukuangalia kama bado uko macho. Baada ya video kuna asaimenti, ni PDF tu, haina maksi, haikusanywi na mtu, hakuna anayekuuliza umefanya au hujafanya. Halafu kila wiki kuna problem set, yaani seti ya maswali, hii ndiyo ina maksi na kompyuta ndiyo inasahihisha. Mtu mwenye haraka anaona asaimenti haina maksi anairuka, anaenda moja kwa moja kwenye problem set, anachagua majibu, anapata pasi nzuri, wiki inaisha anaona mambo yanaenda. Kiukweli hapo hajajifunza kuandika hata mstari mmoja, na mtihani wa mwisho ni wa kuandika.

Mimi zile asaimenti nilizifanya zote kwa kalamu kwenye counter book, kabla sijagusa video ya majibu. Tulikuwa na grupu dogo la WhatsApp, mnapiga picha karatasi mnatupia humo, na kulikuwa na jamaa mmoja yuko Nairobi, huyo kila mstari wako anakuuliza "umejuaje?" Unaandika mstari, umejuaje, unaandika mwingine, umejuaje. Alikuwa ananichosha kweli ila nikikaa sasa hivi naandika proof, yaani uthibitisho wa hatua kwa hatua kwamba jambo ni kweli, bado nasikia swali lake, na nasema wazi huyu jamaa kanisaidia kuliko kitabu chochote nilichowahi kununua.

Tuje kwenye mtihani wenyewe, wao wanauita Test Flight, unakuja baada ya wiki 8 za masomo. Unaandika proof zako, unapakia, halafu wanafunzi wenzako wanakusahihisha na wewe unawasahihisha. Kila proof inapimwa kwa vipengele sita: mantiki iko sahihi, inaeleweka, umefungua vizuri, umetaja hitimisho, umetoa sababu, na tathmini ya jumla. Kila kipengele maksi 4, ndiyo hiyo 24.

Ngoja nichukue mfano mdogo. Thibitisha kwamba mraba wa namba witiri (isiyogawanyika kwa 2) ni witiri. Mtu wa kwanza anaandika 3 mara 3 ni 9, 5 mara 5 ni 25, 7 mara 7 ni 49, kwa hiyo ni kweli. Huyo hajathibitisha kitu, kajaribu namba tatu tu na namba witiri hazina mwisho. Mtu wa pili anaandika (2k+1)² = 4k²+4k+1, anaweka kalamu chini. Hesabu yake iko sawa. Lakini k ni nani, katoka wapi? Huo mstari wa mwisho unaonyeshaje kwamba ni witiri? Na mbona hajasema amemaliza? Ufunguzi umeenda, sababu zimeenda, hitimisho limeenda. Dada, nimeiona karatasi yako uliyonitumia, wewe ni huyu wa pili.

Inavyotakiwa ni hivi: Chukua namba witiri yoyote n. Kwa kuwa n ni witiri, kuna namba nzima k ambapo n = 2k+1. Kwa hiyo n² = 4k²+4k+1 = 2(2k²+2k)+1. Kwa kuwa 2k²+2k ni namba nzima, n² ni witiri, kama tulivyotaka kuthibitisha. Ni sentensi chache tu, na hakuna pa kukuuliza umejuaje.

Na usikimbie kazi ya kusahihisha wenzako kwa kuona ni mzigo. Kuanzia katikati ya kozi unapewa proof za watu uzipime kwa vipengele hivyohivyo halafu unalinganisha na maksi za Devlin mwenyewe, ukifika Test Flight jicho lako limeshakomaa. Ukishasoma proof mbovu za kutosha huwezi kuandika ya kwako ovyo. Mimi hapo ndipo nilipopanda.

Nilipomaliza nilipeleka cheti kwenye shule moja niliyokuwa naomba kufundisha, mkuu wa idara akakishika, akasema mbele ya walimu wenzake hivi ni vyeti vya kwenye simu, akanirudishia bila kunitazama. Iliniuma na bado inaniuma, siwezi kusema uongo. Lakini leo nafundisha tuisheni ya form six, vile vipengele sita nimeviandika kwa marker nikavibandika ukutani, wanafunzi wanasahihishana wenyewe kila Jumamosi, na wazazi wanaona tofauti kwenye madaftari.

Vijana wenzangu tuache kukimbizana na maksi kama tuko sokoni. Mtu anadesa kwizi mpaka anapata mia kwa mia, halafu akipewa karatasi tupu anatetemeka. Unamdanganya nani? Fanya asaimenti. Fanya kwa kalamu. Mtafute mtu wa kukuuliza umejuaje, hata mmoja.

Kwa hiyo dada, fungua tena asaimenti za wiki ya tano na kuendelea, ziandike upya zote kwa maneno kamili, unitumie picha nitazipima kwa hiyo 24. Dedilaini ikipita usiogope, Coursera kuna sehemu ya kuzipanga upya. Kama ada ya cheti ndiyo inakusumbua omba msaada wa kifedha humohumo, andika maelezo yako kwa ukweli. Na ukipata bando la usiku, video zishushe zote kwenye app kwanza uangalie mchana bila data, PDF za asaimenti ni nyepesi, hizo hata MB zilizobaki zitatosha.