Kabla Hujamwambia Fundi Aing'oe ABS

Kama unamiliki gari la Kijapani la miaka ya 1990, iwe Mark II, Corolla au Carina, ushauri huu umeshapewa na watu wengi tu: taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga, yaani kuacha kuzunguka, ukikanyaga breki kwa nguvu) ikiwaka ikagoma kuzima, "toa hicho kitu, kinasumbua bure." Fundi anachomoa fyuzi, anafungua dashibodi na kutoa balbu, anapokea hela yake, na wewe unaondoka ukiamini gari limepona. Mimi natumia Mark II GX100 hapa Dar. Niliinunua ikiwa imeshafanyiwa hivyo, na mengi ninayoandika hapa niliyajua wakati wa kuirudisha ilivyokuwa.

Msimamo wangu ni kwamba breki za gari la zamani ziongezewe nguvu, tena ni jambo jema. ABS iache mahali pake, labda uwe na sababu ya maana na spea kamili mkononi.

Anza kwa kujua kama unayo. Washa swichi bila kupiga stati. Taa ya ABS inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, ama gari halina ABS, ama balbu imeungua au kuna mtu ameitoa. Nikiombwa kumkagulia mtu gari, hapo ndipo ninapoanzia, kabla hata ya kufungua boneti. Muuzaji atakwambia "taa haina shida, si unaona haiwaki?"

Balbu na fyuzi vikirudi na taa ikabaki inawaka, gari lenyewe litakwambia kinachouma. Kwenye Toyota nyingi za zama hizo kuna kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC, na kwa ndani kifuniko chake kina ramani ya herufi. Unaunganisha Tc na E1 kwa kipande cha waya (baadhi ya modeli zinataka kwanza uchomoe kipini kinachounganisha Wa na Wb), kisha unawasha swichi. Usikosee tundu, na usishangae taa ya injini na ya airbag nazo zikikonyeza. Wewe hesabu ya ABS tu: mara tatu, kituo, mara moja ni 31, sensa ya mwendo wa gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ikikonyeza haraka haraka bila kituo, haina kosa lililohifadhiwa.

Kwangu ilitoa 32. Tukafungua gurudumu, tukachomoa sensa. Ncha yake ni sumaku, na ilikuwa imeota ndevu za unga wa chuma, huku beringi ya gurudumu hilo ikicheza. Gurudumu likicheza, nafasi kati ya sensa na pete yenye meno inabadilika, kompyuta inapata taarifa za kuruka-ruka, inaamua kuzima mfumo mzima. Kwa hiyo aliyechomoa fyuzi alikuwa ameificha beringi mbovu. Beringi mpya, sensa ikafutwa kwa kitambaa, taa ikazima. Sababu nyingine za kawaida ni waya wa sensa kukatika karibu na shokapu, au kufungiwa habu ya bei rahisi isiyo na pete ya meno. Pampu ya ABS kufa inatokea, lakini si huko pa kuanzia.

Wanaoichukia ABS wana hoja moja ya kweli. Kwenye changarawe au vumbi jingi, gurudumu lililofunga linakusanya kifusi mbele yake na gari linasimama mapema kuliko lenye ABS. Anayeishi barabara ya vumbi mwaka mzima nitamsikiliza. Ila kwenye lami, mvua ya kwanza ikishuka juu ya mafuta na mchanga wa kiangazi, bodaboda akachomoka mbele yako, unachohitaji ni usukani uendelee kukutii huku umekanyaga breki hadi mwisho. Magurudumu ya mbele yakifunga, unaweza kuzungusha usukani utakavyo, gari linaenda moja kwa moja.

Na tusidanganyane kuhusu fyuzi. Ni kweli ukiichomoa breki zinabaki, mafuta yanapita kwenye ile pampu kama kawaida. Lakini kwenye magari ambayo kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, mgawanyo nao unaondoka. Uzito wa gari ukihamia mbele wakati wa kusimama, nyuma kunakuwa kwepesi, magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza, na gari linageuka kutazama lilikotoka. Dalili ni taa ya ABS na ile nyekundu ya breki kuwaka pamoja. Hapo usiendelee na safari.

Kama umeshikilia kuing'oa kabisa, basi tafuta gari lililokatwa la modeli ile ile ambalo lilitoka kiwandani bila ABS. Chukua masta silinda yake (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), valvu ya kugawa presha ya nyuma, na paipu zake zote. Kuunga paipu zako kwa kuchomelea, kama nilivyowahi kuona gereji moja, ni kujitakia ajali. Kisha tafuta uwanja mpana usio na watu, nenda mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, kanyaga kwa nguvu, mtu asimame pembeni aangalie. Magurudumu ya mbele lazima yafunge kabla ya ya nyuma. Yakitangulia ya nyuma, gari hilo halitoki hapo.

Sasa breki zenyewe. Wengi wanakimbilia kalipa (vile vinavyobana pedi kwenye diski) kubwa za Tourer V, ile Mark II yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE. Nzuri, lakini linganisha kwanza matundu ya boliti na uhakikishe rimu zako zinapita juu ya kalipa. Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi zaidi, kwa hiyo masta ya zamani inaweza kukuachia pedali ndefu. Mimi sikufika huko. Nilibadilisha mipira inayopitisha mafuta ya breki, ambayo kwa umri ule inavimba ukikanyaga, au inaziba kwa ndani na kuacha gurudumu limeshika. Nikaweka diski mpya, pedi orijino kutoka duka ninaloliamini mtaa wa Gerezani, na mafuta ya breki ya daraja la DOT 4. Pedali ikawa ngumu, na hamu ya kalipa kubwa ikaniisha.

Mafuta ya breki yanapuuzwa kuliko kitu chochote. Yananyonya unyevu, na hewa ya pwani unaijua. DOT 4 mpya inachemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Shuka mlima Kitonga na mguu juu ya breki muda wote, mafuta yachemke, utakanyaga pedali izame kama huna breki. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na mlimani shuka na gia ndogo.

Wakati wa kutoa upepo kwenye breki, anza gurudumu lililo mbali na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Anayekanyaga asiizamishe pedali hadi chini, kwa sababu raba za masta kuukuu zitapita sehemu yenye kutu zisiyoizoea na kuchanika. Kesho yake utarudi gereji kwa ugonjwa mpya. Muwekee kipande cha mbao chini ya pedali.

Pedi mpya zizoeshe: toka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, mara kadhaa, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Usifanye hivyo Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni.